UZI: Kibirizi ni moja, terminali inaihesabu mara tatu. Kwa nini?

#1 MwanaKibirizi (mleta uzi)
Wakuu, habari. Niko Kigoma, najifundisha terminali (kuiendesha mashine kwa kuandika amri) kwa simu, natumia Termux, programu ya Android ya kazi hiyo. Shangazi yangu ananunua dagaa na mgebuka mialoni, na vijana wake ndio wanaoandika kumbukumbu. Mmoja anaandika kwenye kompyuta kwa Excel, wengine wanaandika kwa simu na kunirushia WhatsApp. Nimeunganisha kila kitu kwenye faili moja, dagaa.csv. Halina mstari wa vichwa, liko hivi:

2025-06-03,dagaa,14,Kibirizi
2025-06-03,mgebuka,6,Kibirizi
2025-06-04,dagaa,9,Katonga

Tarehe, samaki, ndoo, mwalo. Nataka kujua kila mwalo umeandikwa mara ngapi, nikakata safu ya nne (cut), nikapanga (sort), nikahesabu zinazofanana (uniq -c):

cut -d, -f4 dagaa.csv | sort | uniq -c

Ikaniletea:

11 Katonga
64 Kibirizi
23 Kibirizi
9 Kibirizi

Kibirizi ni moja tu Kigoma nzima. Nimeyakodolea macho hayo maneno, yanafanana herufi kwa herufi. Shangazi anataka kulinganisha siku za giza na siku za mbalamwezi ajue lini aweke fedha, kwa hiyo hesabu hii lazima niiamini kwanza. Kwa nini inagawanyika? Anayejua aeleze taratibu, tunaojifunza tuko wengi.

#2 FundiGungu
Hujapanga. uniq inaunganisha mistari inayofanana ikiwa imefuatana tu. Ikitenganishwa na mstari mwingine inaanza kuhesabu upya. Tanguliza sort.

#3 MwanaKibirizi
Sort ipo mkuu, itazame katikati ya paipu mbili, zile alama za |.

#4 FundiGungu
Nimeiona. Basi kuna kijana anaacha nafasi baada ya neno. Wewe huioni, kompyuta inaihesabu kama herufi. Ondoa nafasi zote za mwisho wa mstari:

sed 's/ *$//' dagaa.csv > safi.csv

Halafu rudia hesabu yako kwenye safi.csv.

#5 BintiNgambo
Samahani nawakatisha. Niko Tabora, Termux nimeshaweka tangu wiki iliyopita, nikifungua naona alama ya $ na kijiti kinachezacheza. Nyie mmeshafika kwenye cut na sed. Mtu anaanzia wapi jamani? Kila video ninayoangalia inanipa orodha ya amri nizikariri, kesho yake zimeshapotea kichwani.

#6 MwalimuIsevya
Binti, hiyo $ inasema "nakusubiri". Usikariri orodha. Anza na maswali mawili: niko wapi, na hapa kuna nini.

Andika pwd, bonyeza Enter, itakutajia ulipo. Andika ls, itakuonyesha vilivyopo hapo. Kuhama ni cd.

Wanafunzi wangu nawachorea reli ya kati. Alama ya / ndiyo Dar es Salaam, kila njia inaanzia hapo. Unapita Morogoro, Dodoma, unafika Tabora, pale njia inagawanyika kwenda Mwanza, Mpanda na Kigoma. Ukiwa umesimama Tabora ukaandika cd Urambo, unafika. Ukiwa umesimama Dodoma ukaandika hivyohivyo, unajibiwa "No such file or directory". Urambo haijafutwa, ila kutoka hapo ulipo haipo mbele yako. cd .. inakurudisha stesheni moja nyuma. cd peke yake inakupeleka nyumbani popote ulipo. Na njia uliyoiandika yote kuanzia / inafanya kazi hata ukiwa umesimama wapi.

Nusu ya watu wanaoniita kwa sababu "faili limepotea", faili lipo. Wao ndio wako stesheni nyingine.

#7 MtotoWaReli
Mwalimu, shikamoo. Kwenye kompyuta nakubaliana nawe, kwenye reli hapana. Tawi la Mpanda linatokea Kaliua, siyo Tabora. Tabora ndipo linapotoka la Mwanza. Kwa mfano wako huo, mtu akiandika cd Mpanda akiwa Tabora atakataliwa.

#8 MwalimuIsevya
Marahaba. Sawa, ni Kaliua. Na mfano umezidi kunoga, maana ndivyo inavyokuwa: ukiruka folda moja katikati unakataliwa. Itabidi aandike cd Urambo/Kaliua/Mpanda.

#9 KasuluJuu
Na Kigoma mwisho wa reli je?

#10 MwalimuIsevya
Ndiyo faili lenyewe. Jaribu cd dagaa.csv uone, utaambiwa "Not a directory". Pale hakuna kwenda mbele, unashuka na mizigo yako.

#11 KasuluJuu
Turudi kwa mleta uzi. FundiGungu amesema nafasi, mimi nasema ni yule kijana wa Excel. Windows inafunga kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux na Android zinafunga kwa moja. Mwalo uko safu ya mwisho, kwa hiyo ile alama ya ziada inang'ang'ania kwenye neno Kibirizi. Acha kubahatisha, iambie ikuonyeshe visivyoonekana:

cat -A dagaa.csv | less

Mstari wa kawaida utaishia na $. Ukikuta ^M$ ni wa Windows. Kutoka kwenye less bonyeza q.

#12 AsaliSikonge
Hapo ni BOM, ndugu zangu. Excel ukiiambia ihifadhi CSV ya UTF-8 inabandika baiti tatu mwanzoni mwa faili. Zilinitesa sana kwenye orodha ya mizinga ya kikundi chetu.

#13 KasuluJuu
BOM inakaa mwanzo wa faili, AsaliSikonge. Hata akiunganisha mafaili kumi, kila moja itaharibu safu ya kwanza ya mstari wake wa kwanza, yaani tarehe. Yeye anahesabu safu ya nne. Kwako ilisumbua kwa sababu bila shaka jina la mzinga lilikuwa la kwanza.

#14 AsaliSikonge
Lilikuwa la kwanza, kweli. Ila akipanga kwa tarehe itamfuata, ajiandae.

#15 MwanaKibirizi
Nimejaribu zote. Ya FundiGungu haikubadilisha kitu, hesabu ilibaki ileile. Ya KasuluJuu imefichua: mistari mingi inaishia ^M$. Hiyo 23 yote ni ya kijana wa Excel. Sasa naiondoaje bila kuharibu faili la asili?

#16 KasuluJuu
tr -d '\r' < dagaa.csv > safi.csv

Alama ya < inaisomesha tr kutoka kwenye faili, nayo inafuta \r, yaani ile ^M, > inamwaga majibu kwenye faili jipya. Ukitumia >> inaongeza mwishoni badala ya kuanza upya.

Tahadhari moja kubwa, na kila anayeanza aisome. Usimwage kwenye faili lilelile unalolisoma. Ukiandika sort dagaa.csv > dagaa.csv unabaki na faili tupu. Sheli inatangulia kufungua na kufuta faili la kupokelea, ndipo inaita sort, sort inakuta hakuna cha kusoma. Ukitaka kinga andika set -o noclobber, hapo > itakataa kugusa faili ambalo tayari lipo.

#17 BintiNgambo
Mwalimu, pwd, ls na cd zimekaa, leo nimezunguka folda zote. Ila picha na mafaili ya WhatsApp siyaoni. Na hiyo sheli ndiyo terminali?

#18 FundiGungu
Andika termux-setup-storage, simu itaomba ruhusa, kubali. Itatokea folda inaitwa storage nyumbani kwako, ndani yake mna shared na downloads.

Terminali ni dirisha, inapokea unachobofya na kuchora majibu. Sheli ndiyo inayosoma amri yako na kuitekeleza, kwenye Termux ni bash. Mac tangu 2019 wanakuja na zsh. Windows wana PowerShell tangu 2006.

#19 Mpekuzi_Ujiji
bash si ndiyo aliyoiandika Linus Torvalds pamoja na Linux yake?

#20 KasuluJuu
Hapana. Bash ni ya Brian Fox, aliiandika kwa ajili ya GNU, mradi wa programu huria, ikatoka 1989. Torvalds alitangaza Linux Agosti 1991, na kwenye ujumbe wake wa kwanza alisema ameshaihamishia bash 1.08 na gcc 1.40. Bash aliikuta. Na yenyewe inafuata nyayo za sheli ya Stephen Bourne iliyotoka na toleo la 7 la Unix, mfumo endeshi uliotangulia Linux, mwaka 1979.

#21 Mpekuzi_Ujiji
Shukrani. Basi nijibuni hili, kwa nini majina ni mafupi hivyo? ls, cp (kunakili), mv (kuhamisha), rm (kufuta). Wangeandika neno zima ingewagharimu nini? Nahisi ni kumbukumbu ndogo ya mashine za enzi hizo.

#22 MtotoWaReli
Sidhani ni kumbukumbu. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza Unix kule Bell Labs 1969 hawakuwa na skrini kama yako. Walitumia mashine za kuandikia zinazochapa kwenye karatasi. Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 kwa sekunde, na vitufe vyake vilikuwa vizito kubonyeza. Ungekuwa wewe usingefupisha?

Na hapohapo ndipo ilipotoka ^M ya mleta uzi. Kumaliza mstari kwenye mashine ile kulihitaji vitendo viwili: kurudisha kichwa cha kuchapia kushoto, kisha kusogeza karatasi. Unix wakabakiza alama moja, DOS ikabeba zote mbili, Windows ikarithi.

#23 MwalimuIsevya
Teletype haitoshi kueleza. Mbona amri ya kuunda folda waliacha iitwe mkdir, wasifupishe iwe md? Mimi naona ni mazoea ya watu wachache wanaofahamiana wakiandikiana wenyewe, hawakujua dunia nzima ingekuja kutumia. Thompson huyohuyo aliwahi kuulizwa angebadilisha nini kwenye Unix, akasema angeiandika creat, jina la Unix la kuunda faili, na e mwishoni (create). Hapo uvivu wa vidole ulizidi.

#24 Mpekuzi_Ujiji
Mimi bado niko na hoja yangu ya kumbukumbu ndogo. Hata hiyo creat inaiunga mkono.

#25 DogoUrambo
Mnaozungumzia 1969 mko mbali sana. Swali la leo: kujifunzia kwenye simu kuna maana? Kaka yangu ananiambia bila laptopu napoteza muda.

#26 FundiGungu
Anakukatisha tamaa bure. Karibu yote tuliyoandika humu yanafanya kazi Termux. Ila ichukue F-Droid (duka la programu huria) au GitHub, ndiko wenyewe wanakoelekeza. Shida ya simu ni kibodi. Termux inakuwekea safu ya vitufe juu ya kibodi yenye CTRL, TAB na mishale, itumie hiyo. Andika herufi mbili za mwanzo wa jina la faili, bonyeza TAB, inamalizia yenyewe. Isipomalizia bonyeza tena, itakuorodheshea yanayofanana. Isipotokea kitu kabisa, faili halipo hapo ulipo, umejua kabla hata hujabonyeza Enter.

#27 DadaWaCheyo
Mimi niko upande wa kaka yake. Nafundisha vijana, na wa simu wanachoka haraka. Kuandika alama ya | kwenye simu ni kubadilisha kurasa za kibodi. Kama kuna laptopu ya zamani nyumbani, hata iliyoilemea Windows, chukua flashi, weka Ubuntu (aina ya Linux), iwashie humo bila kuisakinisha. Mwenye Windows 10 au 11 anaweza kuweka WSL akapata Linux ndani yake. Mkono ukikaa kwenye kibodi halisi kichwa nacho kinatulia.

#28 MwanaKibirizi
Dada, kwangu kinachowachosha watu si kibodi. Ni kujifunza bila kazi. Mimi kila amri nimeijua kwa sababu shangazi ameuliza swali. Alipotaka siku za Katonga tu ndipo nikaijua grep. Alipouliza siku ya ndoo nyingi ndipo nikajua sort -t, -k3 -nr, na nikajua bila ile n inapanga 9 juu ya 14, maana inalinganisha herufi badala ya namba.

#29 DadaWaCheyo
Hilo nalo lina uzito. Ila si kila mtu ana shangazi mwenye dagaa.

#30 BintiNgambo
Kinachonichosha mimi ni woga. Nasikia ukikosea rm umekwisha.

#31 KasuluJuu
Woga una sababu. rm haipeleki kitu kwenye kapu la taka, inafuta moja kwa moja. Tazama hizi mbili kwa makini:

rm *.csv
rm * .csv

Ya kwanza inafuta mafaili yanayoishia .csv. Ya pili ina nafasi baada ya nyota, inafuta kila faili unaloliona kwa ls kwenye folda, kisha inalalamika kwamba .csv haipo. Nafasi moja tu.

Nyota haifunguliwi na rm. Sheli ndiyo inayoifungua kuwa orodha ya majina, rm inakabidhiwa orodha iliyokamilika. Kwa hiyo unaweza kuiona orodha hiyo kabla: andika echo *.csv usome majina. Ukiridhika, bonyeza mshale wa juu, badilisha echo iwe rm -i, itakuuliza moja baada ya jingine.

Jambo hilohilo la nafasi ndilo linalokufanya ushindwe kufungua faili lenye jina kama mauzo ya Juni.csv. Sheli inaona majina matatu. Lifunge kwa alama za kunukuu, "mauzo ya Juni.csv", au acha TAB ikuandikie.

#32 BintiNgambo
Hiyo ya echo hakuna video iliyoniambia. Asante sana. Na amri ikigoma kuisha?

#33 MtotoWaReli
CTRL na C pamoja inaikatisha. Mara nyingi haijagoma, inakusubiri. Ukiandika cat bila jina la faili inakaa kimya, inategemea uiandikie wewe. Ukifungua alama ya kunukuu usiifunge, inakuletea > na kusubiri uimalizie.

#34 MwanaKibirizi
Wakuu, mrejesho. Nimepitisha tr kwenye faili zima. Sasa naona:

11 Katonga
87 Kibirizi
9 Kibirizi

87 ni 64 na 23, zimeungana. Nikahakiki kwa grep -c Kibirizi safi.csv ikanipa 96, yaani zote, kwa sababu grep inatafuta neno popote ndani ya mstari. Hizo 9 bado zimejitenga. ^M haipo tena, na sed ya nafasi haizigusi.

#35 FundiGungu
Herufi kubwa na ndogo?

#36 MwanaKibirizi
Zote zinaanza na K kubwa, herufi zinazofuata ni ndogo. Nimezitoa peke yake kwa cat -A, ziko hivi:

2025-06-07,dagaa,11,KibiriziM-BM- $

#37 KasuluJuu
Hiyo M-BM- na nafasi ni baiti mbili, C2 na A0. Ni nafasi isiyokatika mstari, ile inayotumika kwenye kurasa za wavuti. Kwa macho ni nafasi, kwa sed ya FundiGungu ni kitu kingine kabisa. Iondoe:

LC_ALL=C sed 's/\xC2\xA0//g' safi.csv > safi2.csv

#38 FundiGungu
Kwa hiyo nilisema nafasi, na ni nafasi.

#39 KasuluJuu
Haya, umepata nusu bao.

#40 MwanaKibirizi
Imekubali! Katonga 11, Kibirizi 96. Ila sijaridhika, maana wiki ijayo zitarudi tena. Imeingiaje? Hizo 9 zote zimetoka kwa kijana mmoja wa simu.

#41 AsaliSikonge
WhatsApp. Ukikopi ujumbe na kupesti mahali pengine vinakuja na vitu visivyoonekana.

#42 DogoUrambo
WhatsApp anatumia na yule mwingine wa simu, mbona yake safi? Mimi nasema kibodi yake. Kuna kibodi zinazojaza neno halafu zinaongeza nafasi zenyewe.

#43 DadaWaCheyo
Kibodi inaongeza nafasi ya kawaida, na hiyo sed ingeifuta tangu mwanzo. Huyo kijana atakuwa ameandika neno Kibirizi mara moja kwenye jedwali au ukurasa fulani, tangu hapo anakopi hilohilo kila siku. Mleta uzi, angalia kama 9 hizo zimefuatana tarehe.

#44 MwanaKibirizi
Hazikufuatana, Dada. Zimeruka ruka, na siku za katikati kijana huyohuyo ameandika vizuri.

#45 AsaliSikonge
Basi siku anazokopi zinaharibika, siku anazoandika kwa mkono ziko salama.

#46 DogoUrambo
Au siku hizo aliazima simu ya mwenzake.

#47 MwalimuIsevya
Mwambie akutumie faili lenyewe kama kiambatisho, asipesti maandishi. Wiki hiyohiyo mwambie siku moja aandike kwa simu yake, siku nyingine akopi. Uyapitishe yote kwenye grep -c $'\xC2\xA0' kabla hujayaunganisha, uandike tarehe na njia aliyotumia.

#48 MwanaKibirizi
Nitafanya hivyo, Mwalimu. Ila sasa hivi ni mbalamwezi, mitumbwi mingi ya dagaa imepumzika, mistari itakuwa michache. Giza likianza nitaleta kilichopatikana.

#49 Mpekuzi_Ujiji
Wakati tunasubiri, kuna mtu wa kunijibu habari ya kumbukumbu? Mkdir haijathibitisha chochote.